Nashuka VOK

"VOK! VOK hamsini! Wawili, twende!"

Makanga alikuwa amening'inia mlangoni, mkono mmoja umeshika paa, mwingine umebana noti zilizokunjwa katikati ya vidole. Jua la saa nane la Kongowea lilikuwa limeshaigeuza matatu kuwa tanuri. Mbele yangu alikaa mama mmoja na bintiye, mtoto wa miaka saba hivi, mtandio mweupe wa shule umemteleza hadi mabegani. Njia nzima alikuwa akisoma kila kibao tulichokipita, kwa sauti, kama wafanyavyo watoto waliojua kusoma juzi tu. Tulipokaribia kituo akayasoma maandishi ya kwenye kioo cha gari, herufi moja moja.

"Vii. Oo. Kee. Mama, VOK ni nini?"

"Ni jina la pale tu, mwanangu."

"Maana yake?"

Mama akamtazama makanga, kana kwamba yeye ndiye mwenye jina. Makanga akacheka. "VOK ni VOK, mamaa. Mwashuka hapo."

Wakashuka.

Mimi nilikuwa nalijua jibu. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa, na sikulitoa.

Hizo ni wiki sita zilizopita, na swali la yule mtoto halijaniachia. Nikiosha vyombo lipo. Nikisubiri feri Likoni lipo. Nilidhani nikiandika mistari miwili hapa, kwamba VOK ni Voice of Kenya, yaani Sauti ya Kenya, nitapumua. Nimeiandika mara nne na kuifuta mara nne, kwa sababu kila nikifika kwenye neno "sauti" mawazo hukimbilia kaseti moja iliyomo ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda changu.

## Kengele na redio

Itazame barabara hii vizuri. Ukitoka kisiwani ukavuka daraja la Nyali, unapita Kengeleni kabla hujafika VOK. Kengeleni imepata jina kwa kengele ya Freretown, kijiji walichopewa watumwa waliokombolewa katika miaka ya 1870. Kengele ile ilipigwa kuwatahadharisha watu kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Ipo hadi leo, juu ya mnara wake mdogo.

VOK imepata jina kwa redio.

Vitongoji viwili, safari fupi ya matatu kati yao, na vyote viwili vimeitwa kwa kitu kilichokuwa kikitoa sauti. Cha kwanza unaweza kukiona ukipita. Cha pili kimebaki herufi tatu kwenye kioo cha gari. Hata redio yenyewe iliacha kuitwa hivyo mwaka 1989, ilipokuwa KBC, Shirika la Utangazaji la Kenya. Kuna watu wamezaliwa baada ya hapo, wamesoma, wameoa, wana watoto, na kila jioni wanashuka VOK.

Halafu kuna hili, ambalo kila nikilifikiria nasisimka: Freretown hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Leonard Mambo Mbotela, mwaka 1940, katika ukoo uliotokana na watumwa waliokombolewa. Sauti ambayo Wakenya wengi wakiifikiria redio ndiyo huwajia kwanza, ilitoka kwenye kijiji cha ile kengele. Kwenye kipindi chake cha redio aliuliza "Je, Huu ni Ungwana?" tangu 1966, na tukamjibu kutoka jikoni na vibarazani kana kwamba anatusikia. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walimchukua kwa nguvu akatangaze kwamba serikali imepinduliwa. Ile sauti tuliyoizoea kwa mzaha na adabu, siku hiyo ilikuwa na bunduki mgongoni. Alifariki Februari 2025. Wiki ile nilipanda matatu ya VOK mara tatu, na sikumsikia mtu hata mmoja ndani ya gari akiliunganisha jina la kituo na la marehemu.

Sikuwalaumu. Nani aliwaambia?

## Ilipoitwa Mvita

Utangazaji Kenya ulianza 1928 huko Nairobi, na uliwalenga walowezi: habari kutoka London, kwa lugha ya London. Pwani ilikuwa na masikio yake mengine. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na redio iliyoitwa Sauti ya Mvita, ikitangaza kwa Kiswahili na Kiarabu.

Lirudie jina hilo polepole. Sauti ya Mvita. Si ya koloni, si ya Nairobi. Ni jina la kale la mji, lile walilolitumia washairi.

Sitaki kuipaka sukari. Ilikuwa redio ya serikali ya wakoloni, na serikali ilikuwa na sababu zake. Unguja walikuwa na Sauti ya Unguja tangu 1951. Julai 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwaita mkoloni na vibaraka wake kwa majina yao, na watu wa Pwani waliisikiliza wakiwa wamezunguka redio moja mkahawani. BBC nayo ikaanza Kiswahili Juni 1957. Na ukanda huu wetu, kisheria, ulikuwa bado wa Sultani wa Zanzibar. Swali la Mwambao ni wa nani lilikuwa linatokota kila barazani. Serikali iliyotaka watu wa Mombasa waiache Cairo ilibidi iwape kitu cha kusikiliza chenye ladha ya nyumbani.

Lakini mwenye kutega redio jioni hakuwa akisikiliza sera. Alisikiliza lahaja yake ikitoka ndani ya sanduku la mbao. Hilo nalo ni jambo, hata kama aliyelileta alikuwa na nia nyingine, na sijui kwa nini tunaona haya kulisema.

Kisha ukaja uhuru, na mwaka 1964 redio yote ya nchi ikawa Sauti ya Kenya. Mvita ikaingia ndani ya jina kubwa, kama mto uingiavyo baharini. Mombasa ikabaki na studio, na mlingoti, na baadaye kitongoji kilichoota pembeni yake.

## Nilishuka kusudi

Wiki ya pili baada ya swali la yule mtoto nilikwenda VOK, nikashuka bila kuwa na shughuli yoyote pale. Nilikaa kwa mzee muuza kahawa. Nikanunua kikombe, nikanunua na kashata, nikamuuliza.

"Palikuwa na mlingoti, mwanangu," akasema. "Ukiutezama juu, kofia yaanguka. Sisi watoto twalikatazwa kuukaribia. Mamangu akitwambia ule wanyonya sauti za watoto watukutu, uzipeleke Nairobi."

"Mkaamini?"

"Mimi hata leo nipitapo hapo usiku sisemi sana."

Hakutabasamu. Nilikunywa kahawa yangu nikafikiri: huyu mama alikuwa ameelewa redio kuliko wengi.

Watu wa umri wangu wanaijua FM, na FM huenda kwa mstari ulionyooka. Mlima ukisimama katikati umekwisha. Zile za zamani zilikuwa mawimbi ya AM, na hayo hutambaa. Huambaa na ardhi, na yakipata maji ya chumvi, ambayo hupitisha umeme vizuri kuliko udongo mkavu, husafiri mbali zaidi. Usiku huongezeka jambo lingine: jua likishatua, tabaka moja la hewa ya juu linaloyameza mawimbi hayo mchana hutoweka, nayo yakapanda, yakagonga tabaka lililo juu zaidi, yakarudi chini mamia ya kilomita mbele. Ndiyo maana nyumbani kwetu, baada ya isha, kisahani cha redio kilijaa. Ukisogeza sindano upana wa punje ya mchele unatoka Dar es Salaam unaingia Unguja, unasogeza tena unamkuta Mwarabu asiyejulikana anaimba katikati ya mvumo kama wa mawimbi ya ufukweni.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Alituambia kwamba meli ikirudi kutoka kaskazini, walikuwa wakiipata Mombasa redioni kabla hawajaiona nchi. Kwanza mikwaruzo, halafu neno moja moja, halafu mtu anasoma salamu. Mabaharia wa Pwani walikuwa wanaacha kazi wanasogea. Rubani wa bandari bado, taa ya mnara bado, lakini kuna mtu anataja majina ya mitaa yako.

Hapo ndipo nilipolazimika kulivuta kopo la biskuti.

## Vibanzi viwili

Wale waliozaliwa baada ya kaseti, nivumilieni kidogo.

Kaseti ina vitundu viwili kwenye ukingo wa nyuma, kimoja kwa kila upande. Mpya ikitoka dukani, vitundu hivyo vimezibwa na vibanzi vidogo vya plastiki. Ukishavivunja, kitufe cha kurekodi hakibonyeki tena; mashine inapapasa pale, inakuta pengo, inakataa. Mtu alivunja kibanzi kwa sababu moja tu: alichokirekodi asitake kifutwe maisha.

Mjomba alivivunja vibanzi vya kaseti hii kwa ncha ya kisu cha kumenyea machungwa. Ilikuwa mwaka 1979. Kabla ya kuondoka na meli alinunua kadi ya salamu akaijaza, akaituma Sauti ya Kenya. Mnakumbuka kadi zile: jina la mtumaji, majina ya wanaosalimiwa, ujumbe mfupi, na kama una bahati, wimbo. Siku iliposomwa yeye alikuwa baharini, mbali mno hata redio haifiki. Mamangu aliibonyeza rekodi na plei kwa pamoja, akazuia watu wasikohoe. Mjomba aliporudi, bibi yangu alimkalisha kitini akamsikilizisha salamu alizozituma yeye mwenyewe. Akazisikiliza zote, akaomba kisu.

Bibi aliishi na kaseti ile miaka saba. Akiishika kwa leso, akiirudisha kwa kalamu ya risasi ili asichoshe betri. Baada ya salamu ulifuata wimbo wa taarab, udi peke yake mwanzoni, na bibi alikuwa anafumba macho udi ukianza. Alifariki 1986.

Mwaka 1988 mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilitaka gitaa la umeme kuliko nilivyotaka chakula.

Sijui kama wasomaji wa sasa wanaweza kuelewa jinsi muziki wa rock ulivyotufikia Mombasa. Baada ya mkataba wa 1980 ulioiruhusu Marekani kutumia bandari yetu, wanamaji wake walikuwa wakishuka Kilindini kwa mamia, wakaacha kanda kwenye baa, kwenye teksi, kwa wasichana, na kanda hizo zikapita mikono ishirini hadi zikafika shuleni kwetu zimechakaa. Gitaa lenyewe halikuwa geni. Them Mushrooms walikuwa wakipiga tangu 1972, na hoteli za ufukweni kila moja ilikuwa na bendi yake. Lakini gitaa lile lilimkaribisha mgeni. Nililolitafuta mimi lilikuwa limekasirika. Nairobi baadaye walipata redio nzima ya rock, X FM, 105.5. Sisi tulikuwa na muda mfupi usiku wa Jumamosi kwenye idhaa ya Kiingereza ya Sauti ya Kenya, mtangazaji mwenye sauti nzito ambaye hakuharakisha, na ukiukosa umeukosa.

Jumamosi hiyo sikuwa na kaseti tupu. Duka lilikuwa limefungwa na pesa sikuwa nazo. Niliiona ya bibi juu ya kabati. Nilijua ni nini. Nilikiona kitundu hakina kibanzi, na nilijua maana yake.

Nikachana kona ya ukurasa wa daftari langu la hesabu, nikaikunja mara tatu, nikaishindilia kwenye kitundu.

Kitufe kikabonyeka.

## Basi

Mjomba alirudi safari baada ya miezi miwili. Akaweka kaseti. Ilipotoka ngoma na gitaa alidhani amekosea upande, akaigeuza; akaigeuza tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Aliisikiliza dakika nzima, uso umetulia, kisha akaizima.

"Basi," akasema.

Neno hilo moja. Hajawahi kuongeza jingine juu yake, na mimi sijawahi kuomba radhi. Mwanzoni niliogopa, baadaye nikaona nimechelewa, baadaye zaidi kuchelewa kwenyewe kukawa ndiyo sababu. Mnajua jambo likikaa bila kusemwa linavyoota mizizi. Tumezika watu pamoja, tumeoza watu pamoja, nimempeleka hospitali. Kaseti aliniachia mimi, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni akanipa siku niliyoolewa, bila maelezo. Niliweka ndani ya kopo sijaifungua tena.

Sasa mtoto ananiuliza VOK ni nini, na wale walioweza kumjibu kwa sauti, mimi nimewafuta.

## Mwembe Tayari

Fundi niliyempata Mwembe Tayari ana kibanda kisichotosha watu wawili. Leo anatengeneza chaja na spika za bluetooth, lakini juu, nyuma ya nyaya, alikuwa bado na deki mbili nzima. Aliichukua kaseti akainusa.

"Ukungu," akasema. Chumvi na joto la Mombasa havisamehe. Utepe ulikuwa umeota unga mweupe kingoni. Alifungua parafujo tano akazipanga juu ya kifuniko cha soda kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Akaunyanyua utepe kwa kibanio, akaupangusa taratibu kwa pamba kavu, akiuzungusha kwa kidole gumba. Kile kipande cha sufu kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha deki kilikuwa kimebanduka. Akakata kingine kutoka kwenye pedi ya kiatu, akakibandika. Kisha akachukua sindano akachokoa kile kitundu cha nyuma.

Karatasi ikatoka. Akaikunjua. Nusu ya hesabu ya kugawanya, kwa mwandiko wangu.

Nilikaa kwenye ndoo.

Tulisikiliza kwa spika yake ndogo, barabara ikipiga honi nje. Mtangazaji akaingia, nikashtuka jinsi nilivyomkumbuka. Sauti nzito ile. Akataja wimbo, akaeleza kidogo kuhusu mpiga gitaa, akanyamaza kidogo kabla ya kuupiga, kama mtu anayekufungulia mlango upite wewe kwanza. Baadaye akasema saa. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba tunaisikiliza Voice of Kenya.

Mimi na fundi tukatazamana. Miezi michache baada ya usiku ule jina hilo halikuwapo tena. Hiki nilichokirekodi kilikuwa miongoni mwa mara za mwisho mwisho mtu kulitamka hewani kama jina la redio.

Rock ikaendelea hadi karibu na mwisho wa utepe. Halafu, tak, kile kishindo cha mtu kuachia kitufe. Nilikuwa nimesinzia au vipi sikumbuki, lakini nilizima kabla upande haujaisha.

Na baada ya tak, sauti nyingine. Nyembamba, ya mbali, ya Kiswahili.

"...na dadaze wote wa Kibokoni, na majirani wa Mlango wa Papa. Ujumbe wake anasema, nikijaliwa, Idi nitasali nyumbani."

Kisha udi. Sekunde chache za udi, na utepe ukafika mwisho.

Fundi hakusema kitu. Akarudisha nyuma, tukasikiliza tena. Akatoa flashi ya kompyuta kwenye droo, akauliza kwa upole, kwa sababu alikuwa ameshaona machozi: "Nikukatie huu mziki wa Kizungu, nikubakishie salamu?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo.

## Kilicho katikati

Nyimbo huwa zinapata njia ya kuishi. Juma Bhalo na tuni zake zenye harufu ya filamu za Kihindi, Zein l'Abdin na udi wake wa Lamu: mashabiki waliwarekodi harusini, Mbwana Radio Service wakauza kaseti zao hapa mjini, leo wamo kwenye simu za wajukuu. Huo udi wa mwisho wa utepe, nikiutafuta, huenda nikaupata mzima. Na zile rock zimejaa intaneti, safi kuliko nilivyowahi kuzisikia.

Kisichopatikana ni kile kilicho katikati ya nyimbo. Mtu aliyekohoa. Saa iliyosomwa. Kadi ya baharia. Ule ukimya wa mtangazaji kabla ya gitaa. Kanda zilikuwa ghali, na studio nyingi duniani zilirekodi juu ya zilizorekodiwa jana. Na vipindi vya moja kwa moja kama salamu mara nyingi havikurekodiwa, vilikwenda hewani vikaisha. Hakuna aliyedhani ni historia. Ilikuwa Jumamosi tu.

Sasa tuna Baraka FM, Radio Rahma, Radio Salaam, Pilipili, Pwani FM. Mombasa haijawahi kuwa na sauti nyingi zake yenyewe kama leo, na nafurahi kwa hilo kutoka moyoni. Asubuhi hii mtangazaji mmoja ametania msikilizaji wa Mtopanga kuhusu bei ya mbaazi hadi nikaacha kumwaga maji. Imeshapita. Nani ameishika?

Kwa wiki nne nilikuwa nikijiambia kwamba nilifuta redio ili nirekodi muziki. Pale kwenye ndoo ya fundi nikagundua kwamba nilirekodi redio pia. Kosa langu halikupungua kwa hilo. Kibanzi kilikuwa kimevunjwa na mimi nilijua. Lakini yule bwana wa sauti nzito naye alikuwa mtu wa VOK. Nikimkata ili nibakishe salamu, nitakuwa nimebonyeza kitufe kile kile mara ya pili, na safari hii si mtoto.

"Usikate," nikamwambia fundi. "Weka yote. Na hiyo tak uiache."

## Kibokoni, baada ya alasiri

Mjomba sasa haoni vizuri, lakini masikio yake ni ya baharia bado. Nilimkuta barazani. Nikamwamkia, nikakaa kitako sakafuni kama nilivyokuwa nikikaa nikiwa mdogo, nikaweka simu juu ya kigoda.

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nikasema, "Mjomba, nataka radhi yako kwa ile kaseti."

Akanyamaza. Paka alipita, akamsubiri apite.

"Karatasi ile naliiona siku ile ile," akasema. "Nikaiwacha."

"Kwa nini usiitoe?"

"Nalisema huenda mtoto atataka kurekodi tena."

Sikuweza kujibu. Nikampigia sauti iliyotolewa kwenye kaseti. Rock ikajaa barazani Kibokoni, vijana wawili waliokuwa wakipita wakageuza shingo. Mjomba alitikisa kichwa polepole. Sauti nzito ilipoingia akanyoosha kidole. "Huyu," akasema. "Huyu twalimpata hata Mombasa haijaonekana. Hatufahamu asemalo, lakini twamjua ni wa kwetu."

Ikafika tak. Ikafika dadaze wa Kibokoni, na Mlango wa Papa, na Idi. Ikafika udi, ikaisha.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha nyuma zaidi. Kwenye gitaa."

Nikarudisha hadi ndani ya wimbo wa mwisho. Nikafungua na rekoda ya simu yangu ya pili, nikaiweka karibu na goti lake. Akakohoa, akaweka mikono juu ya magoti, akakaa wima. Kisha akaanza, kwa sauti ambayo si yake, sauti ya mtu wa studio, gitaa likiunguruma chini yake:

"Salamu hizi zatoka kwa baharia wa Mombasa, ambaye hivi sasa yuko safarini..."

Akamtaja mamake kwanza, jina lake na la babake na la babu yake. Akawataja ami zake, na mwalimu wake wa chuoni, na mtengeneza mashua aliyemfundisha kuogelea, na mamangu, na mimi, ambaye 1979 nilikuwa na miaka minne na sikuwahi kujua kwamba nimo. Gitaa likamaliza kabla yake. Tak ikampita bado yuko kwa ami zake.

"Haraka mno," akasema. "Rudisha."

Mara ya pili aliwahi mno, ikabidi anyamaze akisubiri. Akacheka, akafuta jasho kwa kofia.

Mara ya tatu alianza pale mtangazaji alipomaliza kusema Voice of Kenya. Alikwenda taratibu, jina kwa jina, akayapa kila moja nafasi yake. Gitaa likafifia, tak, na ile sauti nyembamba ya 1979 ikamkuta mdomoni, wakasema pamoja: na dadaze wote wa Kibokoni.